Panda Mimea Kwanza, Mnyama Aje Baadaye

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na afisa wa mazingira wa Kaunti ya Kilifi mbele ya walimu walezi, wazazi na wanafunzi wa vilabu vya mazingira, katika siku ya mafunzo kuhusu vizimba vyenye mimea kwa ajili ya mijusi, vipepeo na wanyama wengine wadogo. Tunaichapisha kwa faida ya shule ambazo hazikuweza kufika.

Nimeambiwa nina nusu saa, na kwamba baada yangu anakuja seremala. Najua seremala ndiye mnayemngoja, kwa hiyo nitajitahidi nisimcheleweshe.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tano nilimkamata kinyonga kwenye ua wa nyanya yangu, nikamtia ndani ya mtungi wa kioo, ile ya kuwekea peremende dukani. Nikatoboa mashimo matatu kwenye kifuniko kwa msumari, nikaweka kijiti kimoja na majani mawili ya mpera, kisha nikauweka dirishani ili wenzangu wamwone wakipita kwenda shuleni. Niliporudi saa saba mchana nilimkuta amelala ubavu, mdomo wazi. Nyanya hakunipiga. Aliushika ule mtungi, akautoa mkono haraka kwa jinsi ulivyokuwa moto, akasema neno moja tu: "Umempika."

Miaka mingi nilidhani kosa lilikuwa mashimo machache. Si mashimo. Ningetoboa ishirini, angekufa vilevile. Mtungi ule haukuwa na kivuli, haukuwa na tone la maji, haukuwa na mahali pa kujificha, na kioo kilichopigwa na jua la Pwani huwa tanuri kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nilikuwa na mnyama bila kuwa na mahali pa kumweka. Nimezunguka shule nyingi katika kazi hii, na mtungi ule nimekutana nao tena na tena. Siku hizi ni chupa ya plastiki iliyokatwa juu.

Mnajua kwa nini niko hapa. Shule kadhaa ziliiomba ofisi yetu izisaidie kuanzisha vizimba vya mijusi na wadudu ili watoto wajifunze sayansi kwa macho yao, si kwa ubao peke yake. Ombi ni zuri. Lakini nilipokuwa nikilifuatilia nikasikia jambo jingine ambalo halikuwa kwenye barua. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja kwa kuwa baadhi ya watoto wake wamekaa humu, alipita mtu akiwaambia vijana kwamba ananunua mijusi wa minazi na vinyonga, wakiwa hai na mikia yao mizima, kwa bei ya mmoja mmoja. Watoto wakaleta. Walileta kwenye chupa za soda. Yeye akachagua wachache, waliobaki akawaachia watoto, na wengi wao hawakufika jioni. Hakuna aliyeuliza wale waliochaguliwa wanakwenda wapi.

Kwa hiyo kabla sijasema neno juu ya udongo na kokoto, niseme juu ya sheria, na nitaisema kwa lugha ya kawaida. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuandikwa kwa ajili ya ndovu na simba peke yao. Inapotaja wanyamapori inamaanisha kila mnyama wa porini wa nchi hii, mkubwa kwa mdogo, na hata mimea, na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mjusi wa mnazi yumo. Kinyonga yumo. Kipepeo yumo. Kumkuta mjusi ukutani kwako si kosa. Huyo ni jirani. Lakini kumkamata ukamfuga, ukamuuza au ukamsafirisha bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, ni jambo la kukufikisha mahakamani. Na nisiwadanganye: kaunti haitoi kibali hicho. Sisi tutawasaidia kuandika barua na kuwaelekeza ofisi ya kwenda, lakini sahihi si yetu.

Kama kuna anayedhani mahakama haina muda na vidudu, nimkumbushe ya mwaka 2025. Mwezi wa nne mwaka huo watu walikamatwa wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, waliotiwa kwenye mirija midogo yenye pamba ili waishi safarini. Wawili kati ya washtakiwa walikuwa vijana wa Ubelgiji ambao hawajatimiza miaka 20. Kulikuwa na raia wa Vietnam na kulikuwa na Mkenya mwenzetu. Mwezi uliofuata mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Chungu! Chungu hao walikuwa wanakwenda kwa watu wa ng'ambo wanaofuga chungu ndani ya masanduku ya kioo. Huyo Mkenya hakuhukumiwa kwa nusu bei kwa sababu ni wa hapa.

Mtu atasema mijusi ni wengi, hawaishi. Basi tuvuke mpaka kidogo, twende Tanzania. Katika Mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, uko msitu mdogo uitwao Kimboza, wa kilomita za mraba 4 hivi. Humo, na katika vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, anaishi mjusi mdogo anayetoshea kwenye kiganja cha mtoto. Dume lake lina rangi ya samawati kama moto wa jiko la gesi. Hukaa juu ya mikadi, pale majani yanapokutana na shina na maji ya mvua kutuama. Hahami kwenda mti mwingine wa aina nyingine. Mkadi ndio kijiji chake.

Wafugaji wa ng'ambo walipomwona walimpenda, na kwa haki, maana ni mzuri. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kiliondoa mijusi zaidi ya 30,000 kutoka msituni humo. Sikilizeni walivyowakamata: kwa kuwa mjusi hukimbilia juu majanini ambako mkono haufiki, walikata mkadi mzima ukaanguka chini, ndipo wakaokota. Ukimchukua mjusi mmoja, aliyebaki anaweza kutaga. Ukiuangusha mkadi umeondoa nyumba, maji na mahali pa kutagia kwa mpigo mmoja. Mwaka 2012 mjusi huyo aliingizwa kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES.

Mkadi wa Kimboza una jina la kisayansi: Pandanus rabaiensis. Ndiyo, Rabai. Rabai hii yetu, mwendo mfupi kutoka hapa. Mti aliomtegemea mjusi wa Morogoro unaitwa kwa jina la kwetu, nasi tunaujua mkadi tangu utotoni. Nimewauliza wanafunzi watatu asubuhi hii kama wamewahi kuuona. Mmoja aliniambia ameuona kwenye hoteli.

Sasa nije kwenye shughuli yenyewe. Kosa la wale wakamataji na kosa langu la mtungi ni kosa moja: tulianza na mnyama. Kizimba chema huanza na mmea, mmea huanza na udongo, na mnyama ndiye wa mwisho kuingia, tena akiingia kwa kibali. Sipingi kizimba chenye mimea. Nakipenda, ninacho nyumbani, na kina historia ya kufurahisha. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifukia pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, akangoja nondo atoke. Alichokiona ni kitu ambacho hakukitafuta: kangaga na nyasi vilichipua humo ndani. Bustanini kwake kangaga zilikuwa zikifa kwa moshi wa makaa ya mawe wa mji ule, lakini ndani ya chupa mvuke ulipanda mchana, ukagonga kioo, ukarudi udongoni kama mvua. Masanduku ya kioo ya Ward yakaja kutumiwa kusafirisha miche hai baharini. Yote hayo yalianza na mtu aliyekuwa akisubiri mdudu.

Lakini London si Kilifi. Ndiyo maana leo kuna seremala na hakuna fundi wa vioo. Picha nyingi mnazoziona kwenye simu ni za sanduku la kioo lenye taa za kupasha joto, kwa sababu waliolitengeneza wanaishi kwenye baridi. Sisi joto tunalo la kugawa. Tatizo letu ni kupitisha hewa. Kwa hiyo kizimba chetu kitakuwa fremu ya mbao, pande tatu wavu wa chuma wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, na upande wa mbele mlango ambao unaweza kuwa wa kioo au plastiki safi ili mtoto aone. Kuna faida nyingine: mijusi wa mchana huhitaji mwanga wa jua wenyewe ili mifupa yao ikomae, na kioo cha kawaida huzuia sehemu ya mwanga inayofanya kazi hiyo. Wavu hauizuii. Kizimba kikae mahali kinapopata jua la asubuhi, saa mbili hivi, kisha kivuli mpaka jioni. Na hata katika hilo jua la asubuhi, nusu ya kizimba iwe na majani ya kutosha kwamba mnyama akitaka kulikimbia jua atalikimbia. Hapo ndipo kinyonga wangu angepona.

Vipimo. Kwa mjusi anayepanda, urefu una faida kuliko upana: sentimita 45 kwa 45 chini, na 60 kwenda juu, ni mwanzo mzuri. Kwa jongoo au konokono ni kinyume. Hao wanataka sakafu pana na udongo wenye kina.

Chini kabisa wekeni beseni au trei isiyovuja. Ndani yake kokoto au vipande vya vigae vilivyovunjika, kina cha vidole vitatu, ili maji yanayozidi yashuke huko mizizi isioze. Juu ya kokoto tandazeni kipande cha gunia au wavu mwembamba, udongo usiteremke. Kisha udongo wenyewe, kina cha shubiri moja ikiwezekana: sehemu ya udongo wa kawaida, sehemu ya unga wa makumbi ya nazi, sehemu ya mboji iliyooza vizuri. Msitie mbolea ya dukani. Msichukue udongo wa shamba lililopigwa dawa, hata kama ni la mjomba na ni la bure. Juu yake majani makavu, tele. Mwembe ni mzuri, mkorosho pia. Lakini mwarobaini, tafadhali, hapana. Kila ua una mwarobaini hapa kwetu na najua mkono utaenda huko, lakini mti ule ule unaotusaidia kufukuza wadudu utafukuza wadudu mnaowahitaji kizimbani.

Kwa mimea, chagueni ile isiyodeka. Mkonge wa mwitu, ule wa majani magumu yanayosimama, huvumilia kusahauliwa wakati wa likizo, na mijusi hupenda kujibana katikati ya majani yake. Kangaga kwa upande wenye unyevu. Kijiti kinene chenye magamba na nyufa, kisimamishwe na kingine kilazwe. Mkipata mche wa mkadi kutoka kitaluni, si kutoka msituni, wekeni mdogo, na ukikua uhamisheni nje. Msiujaze ukawa kichaka. Mnyama anahitaji nafasi ya kuota jua na mtoto anahitaji kumwona.

Halafu mngoje. Hapa ndipo vilabu vingi hushindwa, maana watoto wana hamu na mwalimu ana ratiba. Mngoje wiki nne, sita zikiwezekana. Katika muda huo mizizi itashika, na ukungu mweupe utatokea juu ya udongo na kuwatisha. Msiumwagie dawa. Wanaoula ukungu huo wapo: ni vile vidudu vyeupe vidogo kama vumbi ambavyo huruka ukigusa majani yaliyooza, na vile vya kijivu vyenye miguu mingi vinavyojikunja kama shanga chini ya gogo. Mkitia konzi moja ya majani yaliyooza kutoka chini ya mwembe wa shule, wote hao wataingia bila kualikwa. Hao ndio wafanyakazi wa usafi. Kinyesi cha mjusi, jani lililokufa, nyenje aliyekufa, watavila na kuvirudisha udongoni. Kizimba chenye udongo hai hakinuki. Kikinuka, ama kina maji mengi ama kina wanyama wengi. Acheni kumwagilia, mpunguze wanyama.

Na sisimizi! Hili hamtalikuta kwenye vitabu vya wenzetu wa Ulaya. Usiku mmoja tu sisimizi wanaweza kumaliza mayai, viwavi na hata mjusi mchanga asiye na pa kukimbilia. Kizimba kisimame juu ya miguu minne, na kila mguu uwe ndani ya mkebe wenye maji. Lakini mkebe wa maji ni mazalio ya mbu, na kaunti hii haihitaji mbu wa ziada, kwa hiyo tieni kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji na mbadilishe kila wiki. Pia hakikisheni hakuna jani la nje linalogusa kizimba. Nimeona shule iliyoweka mikebe yote minne vizuri, na sisimizi wakapita juu, kwenye tawi la mpapai.

Sasa, nani akae humo? Nina maoni yangu na nitayasema waziwazi. Kwa shule inayoanza, asiwe mjusi. Awe kipepeo wa mdimu. Mnamjua: mweusi mwenye madoa ya manjano, anayezunguka kila mdimu na mchungwa. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo ngao yake. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto hawachoki na jambo hilo. Mnapanda mche wa mdimu kwenye debe, usiopigwa dawa yoyote, na mnauweka nje. Vipepeo wenyewe huja kutaga. Mkiona mayai, mnaingiza debe kizimbani ili nyigu na buibui wasiyafikie. Yai huanguliwa kwa siku kama 6, na pupa hukaa kati ya wiki mbili na tatu. Andaeni miche zaidi ya mmoja, kwani viwavi watano wanaweza kuumaliza mche mdogo mpaka kijiti. Kipepeo akitoka, mwacheni mabawa yakauke, kisha mfungue mlango. Mgeni amekuja kwa hiari yake na ameondoka kwa hiari yake.

Wala si mchezo wa watoto tu. Pale Gede, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo umekuwapo tangu 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi kwenye vizimba vya wavu, wakiwalisha majani ya miti wanayoipanda wenyewe, na pupa husafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Fikirini jambo hilo. Huko nako watu wanalipa kuingia kwenye nyumba ya kioo iliyopandwa mimea ili waone vipepeo wa kwetu. Tofauti ya hao wakulima na yule mnunuzi wa chupa za soda ni kwamba wao wana kibali, wanazalisha badala ya kuzoa, na mti ukikatwa wao ndio wa kwanza kupiga kelele, kwa sababu bila mti hakuna jani, na bila jani hakuna pupa wa kuuza. Walimu, mkitaka ziara ya masomo, anzeni hapo.

Wa pili ni jongoo mkubwa mweusi wa mvua. Mpole, hali chochote isipokuwa vitu vinavyooza, na anafaa kizimba cha chini chenye udongo wa kina. Msiniulize kama kila jongoo na kila konokono anahitaji kibali. Andikeni orodha yenu, mwende nayo ofisi ya KWS, waseme wao. Afadhali kuuliza swali la kuchekesha kuliko kujibu shtaka.

Kwa mjusi, nina pendekezo ambalo kwanza mtalidharau. Mjengeeni kizimba kisicho na kuta. Yule mdogo wa minazi, mwenye kichwa cha rangi ya maziwa au manjano chenye michirizi myeusi, hutembea mchana, hula chungu na mchwa, na ana dole la kunata hata kwenye ncha ya mkia. Yupo tayari shuleni kwenu. Chagueni ukuta mmoja au mnazi mmoja karibu na dirisha la darasa. Pandeni mikonge ya mwitu chini yake. Fungeni kipande cha gogo lenye nyufa, au mianzi mitatu mitupu iliyofungwa pamoja, kwa kimo cha kifua cha mtoto. Msipige dawa ya wadudu hapo. Nyunyizeni maji majanini asubuhi siku za kiangazi, kwa sababu wao hawanywi kwenye kisahani kwa urahisi, hulamba matone. Kisha mhesabu. Wangapi leo, dume ni yupi, mayai yako wapi. Mara nyingi ni mawili mawili, meupe, yamebanwa kwenye ufa. Usiku, kwenye taa ya nje, zamu ni ya mjusi kafiri. Jina hilo lina kisa chake ambacho sitaingia humo leo, lakini kwa uchache mjue kwamba kazi yake ukutani ni kula nondo, mende wadogo na mbu, na halipwi.

Kama kuna shule ambayo imepata kibali cha kufuga mjusi ndani, haya machache ni ya lazima. Chakula kiwe mdudu asiyezidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Nyenje walisheni mboga kwanza, maana mjusi hula kile alichokula nyenje, na mpake vumbi la mfupa mweupe wa ngisi, ule unaookotwa ufukweni, uoshwe, ukauke, usagwe. Jike linalotaga bila chokaa hiyo mwilini mifupa yake hupinda. Msiache nyenje wengi kizimbani usiku, watamng'ata aliyelala. Madume wawili wasikae pamoja. Msimshike mkia, kwa sababu atawaachia mkia. Na kila aliyeingiza mkono kizimbani anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, kwani mijusi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila wao kuugua. Watoto wa chekechea waangalie tu.

Yule mtu wa chupa za soda akirudi, au mwenzake, msigombane naye. Mwambieni mwalimu, na mwalimu atoe taarifa kwa KWS au kwa chifu siku hiyo hiyo. Watoto waliomuuzia mara ya kwanza hawajui walichofanya na sitaki mtu awatishe kwa polisi. Mimi niliyempika kinyonga ndiye nimesimama hapa na kipaza sauti.

Naona seremala ameshafungua mfuko wa misumari. Wavu tuliokuja nao ni mita 30. Kila shule itakata mita 3, na orodha iko kwa mwalimu aliyekaa karibu na mlango. Miche ya mdimu iko nyuma ya gari, upande wa kivuli. Imwagilieni kabla ya kuipakia, na kama kuna mwenye kiwavi tayari, msimtoe, nendeni naye.